Gamba Alilolileta Yona

Anésie Kubwimana ni fundi saa pembeni ya soko la Ujiji. Kazi aliirithi kwa baba yake, aliyevuka kutoka Burundi na kibano na lenzi ya jichoni, akajenga nyumba mtaa wa Katubuka. Kabla hajafa, mzee huyo alimwambia binti yake jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi: saa ya mkono ni kitu kichafu. Ukiifungua unakuta jasho la mwenyewe, ngozi iliyokufa, mafuta ya samaki waitwao migebuka, na utando mweusi unaonuka kama mdomo wa mgonjwa. Anésie amekula ugali wake mbele ya uchafu huo miaka yote, na hakuna aliyewahi kumwona akikunja pua.

Mwaka jana Mzee Filemoni, mstaafu wa reli, alimwagiza saa. Hakutaka ya betri. Alitaka ya kutia ufunguo, kubwa, yenye namba ambazo angeziona bila miwani. Dukani haikuwepo, basi Anésie akaamua kuiunda. Mashine aliitoa kwenye saa kuukuu iliyopasuka kioo. Uso ulitoka kwenye saa nyingine kabisa na haukukubali kukaa, ikabidi aukate miguu, vile vipini vya nyuma vinavyoushikilia, na kuubandika. Mshale wa dakika ulikuwa wa saa ya kiume. Ule mfupi ulikuwa wa saa ya kike, mwembamba kama unywele, akaupaka rangi nyeusi. Kilichobaki kutafutwa ni gamba la kubebea vyote hivyo.

Gamba lililetwa na Yona, mchuuzi wa vyuma chakavu anayezunguka kwenye mialo ya ziwa, boti zinakoshusha samaki. Alimwaga mezani mkebe wa saa mbovu, na kati yake kulikuwa na moja yenye gamba pana, zito, la chuma kisichoshika kutu. Mashine yake ilikuwa imeoza kwa maji. Nyuma mtu alikuwa amekwaruza herufi D.

"Hii ilidondoka ziwani?" Anésie aliuliza.

"Iliingia majini," Yona akajibu, akaondoka.

Anésie alilisugua gamba kwa petroli na mswaki, kisha akachokonoa kona zake kwa mwiba wa samaki. Palitoka kitu cha kijivu, laini, kilichovutika kama gundi. Harufu yake ilipanda puani ikakataa kushuka. Siku hiyo alisukuma sahani yake pembeni, akajiambia labda ni uzee. Mashine ilipwaya ndani ya gamba, akaizungushia pete ya shaba aliyoichonga kutoka kwenye koki mbovu, na saa ikatembea. Kama ilivyo desturi ya mafundi, akaivaa mwenyewe aone kama inakwenda sawasawa mkononi. Akapika nayo. Akalala nayo.

Yona aliporudi na mkebe mwingine, aliiona, akacheka.

"Umependeza na saa ya marehemu, dada."

"Marehemu gani?"

"Wale wa boti iliyozama karibu na Kibirizi. Si nilikuwa kati ya waliowatoa? Mkono wa mmoja ulikuwa umevimba, saa inagoma kutoka. Nikaupaka sabuni." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu anayeeleza namna ya kufungua chupa. "Maiti anaangalia saa aende wapi?"

Anésie aliivua, akaenda nyuma ya vibanda, akasugua mkono kwa majivu na sabuni mpaka ngozi ikaanza kuwasha. Akakumbuka kile kitu cha kijivu alichokuwa akikivuta kwa mwiba. Akatapika, akanawa, akatapika tena.

Jioni alikwenda kwa Mzee Filemoni, mtaa wa Kasingirima, akamwamkia, akamweleza yote. Mzee aliichukua saa, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Inatembea vizuri. Ipitishie dawa ya kuua wadudu, uniletee. Nani atajua?"

"Mimi najua, Mzee. Na wewe sasa unajua."

"Mimi nimeshasahau."

Anésie aliutazama mkono wa Mzee, wenye kucha safi, mkono unaokusanya sadaka kanisani kila Jumapili, na ile harufu ikamrudia. Akaichukua saa akatoka bila kuaga.

Alikwenda Kibirizi akauliza mwaloni ni nani aliyezama na saa yenye herufi D. Wakamwelekeza kwa Marcelina, mjane wa Dismasi, mchuuzi wa mawese aliyekufa kwenye boti ile. Alimkuta barazani akichambua maharage. Marcelina aliigeuza saa upande wa nyuma kabla ya kuutazama uso.

"Hii D aliichora kwa msumari. Nilimcheka sana." Akayasukuma maharage pembeni. "Wakati wa kumwosha, mkono ulikuwa umechubuka mpaka nyama inaonekana. Tulisema ni samaki."

Anésie akamwambia si samaki. Akamtajia jina.

Kisha, juu ya kitenge cha mjane, akaifungua saa, akatoa mashine, uso na mishale ya watu wengine, akambakizia gamba tupu. Marcelina alipitisha ukucha kwenye kona ya ndani.

"Alikuwa mtu wa jasho jingi. Nikimkaripia, saa yako inanuka, anacheka. Ulisafisha huku kote?"

"Kote, dada."

"Ungemwacha kidogo."

Uchafu ule Anésie alikuwa ameumwaga mtaroni pamoja na petroli.

Ndugu wa Dismasi walimpeleka Yona kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akampeleka polisi. Chumbani kwake palikutwa mfuko wa pete na saa, na familia kadhaa zilikwenda kutambua vya kwao. Baadhi walikuta pete. Wengine walirudi mikono mitupu. Yona akatoka kwa dhamana, na kesi mpaka leo inaahirishwa. Mzee Filemoni alitafuta fundi mwingine, na akikutana na Anésie anatazama upande wa pili wa barabara.

Mwezi uliopita Anésie alikuwa safarini kwenda Kasulu. Gari liliposimama Kidahwe alishuka kununua ndizi, akamwona Yona amekaa nyuma ya meza ya simu na saa kuukuu. Wateja walikuwa wamemzunguka wanachagua, na mmoja alikuwa akijipima saa mkononi.

"Habari za siku nyingi, dada," Yona akasema, akainuka na kumpa mkono.

Mkono ule ulikaa hewani. Anésie alilipa ndizi zake, akapanda gari, akafungua dirisha mpaka mwisho.