Piramidi Niliyoikariri

Siku ile naikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Nilitoka asubuhi hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, ruhusa ya kutoka kambini ikiwa mfukoni, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabara kuu, kisha minibasi hadi Lilongwe. Nilikuwa naenda kufanya mtihani wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Nafasi ilikuwa moja tu: atakayefaulu angesomea mjini na kupewa kazi huko huko. Mama yangu alikuwa ameshachagua mtaa. Tukapange Area 23, alisema, mbali na hili vumbi.

Na kujua, sikujua. Ngoja niseme ukweli, maana uongo wangu umenila vya kutosha. Kambini kompyuta zilikuwa chache, kila mtu nusu saa, na umeme ukikatika zamu yako imekwenda. Mwalimu alitufundisha kuchapa piramidi ya nyota iliyokaa katikati kwa kitanzi, yaani amri moja inayorudiwa mstari kwa mstari, nafasi tupu zikipungua na nyota zikiongezeka. Akauliza, "Munaelewa?" Wote tukaitika ndiyo. Mimi nilikuwa sijaelewa hata chembe, lakini nilikuwa nimesoma mjini Bukavu, ningeanzaje kuuliza mbele ya watu niliowaona wa mashambani?

Nikachukua daftari ya hesabu, ile ya miraba, nikachora nyota mraba kwa mraba: nafasi nne nyota moja, nafasi tatu nyota tatu, mpaka mstari wa tano. Nikakariri kama katekisimu. Kwenye kompyuta nikaandika print, yaani amri ya kuchapa, mara tano, kila mstari na yake, nafasi nikizihesabu kwa kidole. Ilitoka nzuri, nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Mama alikuwa akishonea kwaya. Alipoiona ile daftari akaniambia, "Mi nikishona musalaba kwa kanzu, nakunja kwanza kitambaa, katikati inajionyesha yenyewe, mutu akuwe munene ao mwembamba. We umeshona ya mutu mumoja tu. Akikuja mwengine?"

"Maman, hii haiko cherehani," nikamjibu. Akarudi kwenye kushona kwake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Msimamizi wa mtihani, mama mmoja Mmalawi mpole, aliitazama piramidi yangu akatabasamu. Kisha akaniomba niifanye ya mistari kumi na miwili. Nikaanza upya kuhesabu nafasi kwa kidole, jasho likinitoka, piramidi ikalala upande. Akauliza kitanzi kiko wapi. Nikamwonyesha zile print. Akasema zikomo, asante ya kwao, akaita mwingine.

Nilitembea mpaka mtaa wa Kawale bila kujua naenda wapi. Niliporudi kambini, mama alikuwa ananingoja mlangoni.

"Njo umepita mtihani?"

"Hapana, maman."

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nafasi ile haikurudi tena. Mama amezikwa hapa hapa Dzaleka, na Area 23 hakuifika hata kwa matembezi. Mimi nafundisha Python hapa hapa, mvi zimenijaa, na kila mwaka naziona zile daftari za miraba mikononi mwa wanafunzi wangu, nami nakosa usingizi. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu ameshazeeka pamoja nami.

Basi mwanangu, kabla hujaenda kwenye mtihani wako, usikariri umbo. Tafuta kinachobadilika kutoka mstari hadi mstari. Nafasi tupu ni idadi ya mistari yote ukitoa namba ya mstari uliopo. Nyota ni namba hiyo mara mbili, ukitoa moja. Hayo tu, nami niliyakimbia. Ukishayapata, ijaribu kwa mistari mitatu, kwa ishirini, ivunje mwenyewe kabla mgeni hajakuvunjia. Na usipoelewa, sema sijaelewa, hata wakikucheka. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mungu akupe moyo wa kuuliza. Na siku utakayorudi na habari njema, akujalie umkute mama yako angali hai, umwambie.