Kiti Kando ya Mtambo

Mtambo wenyewe wa kurushia redio ulikuwa mdogo, ungeweza kuubeba kwa kikapu cha soko na bado uweke nyanya. Ulikuwa ubao wa kijani na vitu vidogo vidogo vimechomelewa juu yake, na ulilala wazi kwa meza bila kifuniko. Fundi aliutengeneza Kajiado, kwa kibanda chake cha kurekebisha redio, akauleta kanisani kwetu Kitengela umefungwa ndani ya shuka. Hiyo ilikuwa mwanzo wa miaka ya elfu mbili, wakati ploti nyingi bado zilikuwa nyasi tupu na punda milia walikuwa wanapita nyuma ya choo cha kanisa.

"Sopa, yeyo," fundi aliniamkua kwa Kimaasai, akiniita mama.

"Epa," nikamjibu.

Mimi ndiye nilikuwa na ufunguo wa kanisa kwa sababu ndiye nilikuwa nafagia. Basi nikamshikia ngazi. Alisimamisha bomba refu la maji nyuma ya ukuta, juu yake akafunga nyaya mbili za shaba ambazo tulikuwa tumezipima na tepu yangu ya kushonea. Kutoka hapo akateremsha waya mweusi mpaka ndani ya stoo iliyo nyuma ya madhabahu.

"Yeyo, usiwahi washa hii kitu kama huu waya wa antena haujashikana," akaniambia. "Itaungua kabla useme amina."

Stoo haikuwa na dirisha. Ilikuwa mabati juu na mabati kando, meza moja, kiti kimoja cha mbao, betri ya gari na redio ya kaseti ambayo ingecheza mahubiri na kwaya. Fundi aliniambia niketi nimmulikie na tochi. Mchungaji akasimama nje na redio yake ndogo ya mkono. Sasa fundi alikuwa anataka kitu cha kugeuzia koili, ile waya ya kuviringishwa inayochagua mahali pa stesheni, lakini kisiwe chuma, kwa sababu chuma kingeharibu hesabu. Nikatoa sindano ya plastiki kwa mfuko wangu, ile nilikuwa nafumia sweta ya shule.

Akageuza polepole. Mchungaji akawa anapiga kelele huko nje: "Bado! Bado! Rudisha kidogo! Hapo! Hapo hapo, usiguse!"

Kwaya yetu ikasikika ndani ya redio yake, wazi kabisa. Nilifuta machozi. Halafu nikasimama nimpe fundi mkono.

"Imepotea!" mchungaji akalia.

Niliketi kuokota tochi.

"Imerudi!"

Fundi akaniangalia venye mtu anaangalia gari ambayo inakataa kuwaka.

"Yeyo, simama."

Nikasimama. "Imeenda!"

"Keti."

Nikaketi. "Imekuja! Mnafanya nini huko?"

"Ni wewe," fundi akasema. "Mwili wa mtu unavuta hii kitu. Nimeiseti ukiwa hapo, sasa inakuhesabu."

Alijaribu kuiseti mimi nikiwa nje. Lakini yeye pia ni mwili, akitoka inahama. Aligeuza mpaka akaogopa koili itavunjika, na jua lilikuwa linazama. Akasema dawa yake ni boksi la chuma la kuufunika mtambo wote, atalitengeneza Kajiado alilete. "Kwa hizi siku chache, wacha tu yeyo aketi hapo."

Mchungaji alinishika mkono. "Mama, umeona venye Mungu amekuchagua?"

Nilisema amina. Nilikuwa namaanisha.

Hizo siku chache zilivuka mvua ndefu, na boksi halijafika. Tulikuwa tunarusha matangazo jioni, wakati akina mama wanatoka kiwanda cha nguo na kuwasha jiko. Haikufika mbali, ni hiyo mitaa ya karibu tu. Ningeshikanisha waya, niwashe, nibonyeze kaseti, halafu niketi. Mgongo wangu kwa ukuta, mkono wa kushoto juu ya meza, miguu pamoja, kwa sababu hata nikiukunja mguu sauti ilikuwa inaanza kukwaruza. Mabati yalikuwa yamemeza jua mchana wote na sasa yalikuwa yananitapikia. Jasho likiniwasha shingoni, naliacha. Niliwahi kukaa na nyuki akitembea juu ya kitambaa changu cha kichwa wakati wa mahubiri yote ya uvumilivu.

Na haikuwa mchezo, kwa sababu ikihama ilikuwa inaangukia juu ya stesheni kubwa ya Nairobi. Mchungaji alikuwa ameomba ruhusa huko kwa serikali na alisema tusubiri, mradi tu tukae mahali petu kwa redio pasipo na stesheni nyingine. Tukimkalia mwingine, watakuja na gari. Nilikuwa nalisikia hilo gari kila jioni, na kila mara lilikuwa ni lori la mawe.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la mama mmoja Mwislamu ambaye familia yake ilitoka Garissa. Alikuwa anauza unga, vitambaa na maji ya tangi. Redio yake ilikuwa kwa kaunta, na alikuwa anaiweka kwetu makusudi, kwa ajili yangu.

"Abaayo!" angeniita dada kwa Kisomali kutoka huko, sauti ikipita kanisa lote mpaka stoo. "Leo mchungaji wako anahubiri na ngoma za disko! Keti vizuri!"

"Nimeketi!"

"Basi umekonda! Kula!"

Tulijaribu watu wengine. Mzee mmoja wa kanisa aliketi, ikahama upande mmoja kwa sababu ni mrefu. Mama wa kwaya akaketi, ikahama upande mwingine, na huyo hakufurahi venye watu walikuwa wanamwangalia. Ilibaki mimi.

Sasa kile nilikuwa sijamwambia mtu ni kwamba nilikuwa kwa ngumbaru. Niliachia shule darasa la nne nikae na wadogo zangu, na nikiwa mtu mzima na watoto wangu nilianza masomo ya jioni kwa shule ya msingi hapo karibu. Nilikuwa nimefika mahali pa kujiandikisha kwa mtihani wa darasa la nane. Si eti nilikuwa nataka kazi ya ofisi. Binti yangu wa kwanza alikuwa amejiunga na sekondari, na wakati hataki nijue jambo alikuwa anageukia wadogo zake na kuongea Kiingereza, mbele yangu, na mimi nikiwapakulia chakula. Wanacheka. Nilitaka kujua wanacheka nini.

Masomo yalikuwa jioni. Matangazo yalikuwa jioni. Mwalimu alinipata sokoni akaniambia bila ukali, "Mama, nikipeleka majina ya mtihani siwezi peleka la mtu ambaye simwoni."

Nikaenda kwa mchungaji. Alinisikiza vizuri, sitamsingizia.

"Mama, kuna cucu wetu mgonjwa pale nyuma ya kinu. Hajatoka kitandani tangu Krismasi. Hiyo ndiyo kanisa yake. Nimwambie nini? Nimwambie umeenda shule?"

Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na huyu alikuwa wa kanisa lote. Huyo cucu alikuwa ameniombea watoto wangu wote kwa jina. Nilirudi stoo nikaketi. Niliomba, lakini nilikuwa siombi boksi tena. Nilikuwa naomba stima ipotee, na tulikuwa tunatumia betri. Niliomba betri ife. Halafu nikatubu, na niliogopa hata kupiga magoti kwa sababu ya sauti.

Huyo mama wa duka ndiye alifungua mlango jioni moja amebeba jerikani. Maji yalikuwa hayajaonekana mtaani wiki hiyo, tangi lake lilikuwa limejazwa mchana huo, na alijua siwezi kutoka kupanga laini.

"Chukua haraka, mkono unakatika," akasema.

Nilisahau. Nilisimama kumpokea. Huko dukani redio yake ikaanza kukoroma, na yeye akashtuka. Chini kulikuwa na betri na nyaya, hakuona mahali pa kuweka mzigo. Akautua juu ya kiti.

Kwaya ikarudi.

Tuliangaliana. Nikamsukuma nje ya mlango nikatoka naye, nikavuka barabara mpaka kwa kaunta yake, nikaweka sikio. Ubeti wa pili, ubeti wa tatu. Wazi kuliko siku zote.

"Walahi," akasema, akishika kiuno kwa kicheko. "Abaayo, wewe ni jerikani!"

Ilikuwa maji ya kisima ya huku kwetu, yale ya chumvi, hata chai haiyapendi. Nilicheka na yeye mpaka nikashika ukuta. Lakini nikitembea kurudi kuna kitu kilikuwa kimenikaa kifuani. Miezi yote hiyo nilikuwa nimejiambia ninahitajika. Kumbe kilichohitajika ni lita ishirini.

Sikumficha mchungaji. Nilimwita aone. Alisimama pale mlangoni, akaangalia kiti, akaangalia jerikani, akavua kofia.

"Na ukienda, kaseti itageuzwa na nani?"

"Mama wa kwaya. Anafika tu, anageuza, anatoka."

Akavaa kofia tena. "Basi nenda, mama," akasema. "Lakini jerikani isivuje."

Kesho yake niliingia darasani nikaketi dawati la nyuma. Askari wa shule alikuwa na redio kwa kibanda cha lango, na dirisha lilikuwa wazi, na mtambo wetu ulikuwa unaongea kupitia hapo. Mwalimu alifundisha sehemu za desimali. Mimi sikuandika kitu. Baadaye ndiyo niligundua venye nilikuwa nimekaa: mgongo kwa ukuta, mkono wa kushoto juu ya dawati, miguu pamoja.

"Mama," mwalimu akaniita, "kuja ufanye hii ya pili kwa ubao."

Sikuweza. Kwa redio ya langoni mchungaji alikuwa anamwombea cucu, nikawaza, nikisimama sasa nitamkata katikati. Nilijua ni ujinga. Mwili haukujua.

"Mama? Hakuna mtu atakuchapa hapa." Wengine wakacheka, watu wazima wenzangu.

Niliinua mkono wa kushoto kwanza. Maombi yakaendelea. Nikasogeza mguu mmoja. Halafu nikasimama wima, nikangoja kukwaruza, na mchungaji akasema amina kwa ile redio ya askari, na kwaya ikaingia.

Nilitembea mpaka mbele nikachukua chaki. Hesabu nilikosa. Mwalimu akaniambia nirudie, nikarudia hapo hapo nikiwa nimesimama.