Picha ya Mama Bhoke imepata ukuta

Leo Mama Bhoke, muuza dagaa wa Makoko, kaniuliza swali nikakosa pa kuweka uso.

Picha yake akianika dagaa nilikuwa nimeiweka kwenye ule mtandao mpya wa wapiga picha (ndiyo, ule niliowasumbua mjiunge). Wageni wakaisifia, nami nikaenda kumringishia.

"Hawa wote wananijua?"

"Hapana, mama."

"Sasa wanaonijua wataionea wapi?"

Simu yake ni ya tochi, haina intaneti. Hata yeye hiyo picha ndio kwanza anaiona!

Nikarudi studio, nikaisafisha ile picha, kubwa. Sasa imetundikwa ukutani, juu ya meza yake ya dagaa.

Mteja wa kwanza kakodoa macho: "Mama Bhoke, kumbe mzuri hivi?"

"Wewe ulikuwaga unaangalia dagaa tu."

Haya wenzangu, hao mnaowapiga picha wanazionea wapi?