Chai ya Mama Mbwilo

Usiku ule nililala mapema, nimeshiba ugali na mlenda. Nataja chakula kwa sababu mtu akisimulia ndoto huulizwa kwanza alikula nini, na mlenda, kwa ninavyojua, haujawahi kumletea mtu maiti nyumbani. Homa sikuwa nayo. Mimi ni mtafiti wa jeni, nimefikia umri wa kutafuta miwani ambayo nimeivaa, na kabla ya usiku ule nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ndoto ni ubongo unaofagia ua wake.

Kwanza nieleze kazi yangu, maana ndoto yenyewe iliingilia mlango huo. Kila seli ya mmea, iwe ya mzizi au ya jani, imebeba jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimeamka na zipi zimelala. Maisha yangu yote nimeyatumia kuuliza nani anaziamsha. Kwenye mtama nikapata jeni moja inayoamka udongo ukikauka. Inapoamka, jani linajikunja na mmea unatulia kungoja mvua. Jeni hiyo imenipa uprofesa. Imenisomeshea watoto. Kwenye vikao wenzangu wananiita kwa jina lake, kama mtu anavyoitwa Baba Fulani.

Aliyenifundisha kuuliza swali hilo ni Profesa Mbwilo, mwanamke mfupi ambaye sote tulimwita Mama. Hakuamini kifaa chochote kabla hajachovya kidole chake kwenye udongo. Alifariki masika iliyopita, akaniachia mwanafunzi wake wa mwisho, Zawadi, na Zawadi akaniletea balaa. Kwenye safu moja ya ndoo zake za mtama udongo ulikauka, jeni yangu haikuamka hata kidogo, na mtama haukufa. Ulisimama tu, majani wazi, kijani, kama unaonitazama. Kama ndoo zile zilisema kweli, basi kuna kitu kingine kinachoulinda mmea, na jeni yangu ni mpiga zumari aliyemtangulia bwana harusi njiani mpaka akadhani harusi ni yake.

Jioni, kabla ya mlenda, nilimwambia Zawadi mbegu zilichanganyika.

"Kesho asubuhi ing'oe mimea yote, ichomwe, uanze upya."

"Mwalimu, sikuchanganya."

"Kila mtu huchanganya."

"Mama alisema mmea ukikukatalia—"

"Mama hayupo, Zawadi."

Nami nikaenda nyumbani.

Nilijikuta maabara, mchana kweupe. Friza zilikuwa zinanguruma lakini milango yake ilikuwa wazi, na hakuna baridi iliyotoka. Mama Mbwilo alikuwa amekaa kwenye stuli yake karibu na dirisha. Koti lake jeupe lilikuwa limefungwa vifungo mgongoni. Sikushangaa. Ndotoni mtu hashangai pale anapopaswa.

"Shikamoo, Mama."

Enzi za uhai wake alikuwa anaitikia marahaba ndefu, ya kukuuliza na hali ya nyumbani humohumo. Sasa haitikii. Ananitazama kwa jicho moja, jingine amelifumba, kama alivyokuwa akitazama kwenye darubini. Halafu anasukuma bika, kile kikombe cha kioo cha kupimia dawa, juu ya meza mpaka inagusa mkono wangu. Ndani kuna chai ya rangi. Haitoi mvuke. Inanukia tangawizi na udongo uliofunikwa muda mrefu.

"Kunywa."

Bibi yangu mzaa mama alituonya tangu utotoni: marehemu akikupa kitu ndotoni usikipokee, ukikila umekubali safari. Na sheria ya kwanza ya maabara, ambayo Mama mwenyewe aliibandika mlangoni, inakataza kula na kunywa humo ndani. Nakumbuka nilifarijika kwamba angalau mara moja bibi yangu na chuo kikuu wamekubaliana.

"Nashukuru, Mama. Nimetoka kunywa sasa hivi."

"Umetoka kuogopa," anasema, na anasimama.

Namfuata. Mlango wa chumba cha mizani ninaoujua unafunguka kwenye wodi nisiyoijua, ndefu, vitanda vya chuma pande zote mbili. Sakafu ni udongo mkavu. Viatu vyangu vinaacha alama, vyake haviachi. Kwenye kila kitanda kuna mtu amelala amefunikwa shuka mpaka kichwani, na Mama anapita akifunua shuka moja baada ya nyingine bila haraka, kama mtu anayekagua miche.

Wa kwanza ni mimi. Viganja vyake vimepasuka kwa jembe, lakini uso ni wangu. Wa pili ni mimi, ana kitambi cha mfanyabiashara na kalamu sikioni. Anayefuata ni mtoto, amekunja ngumi, na ni mimi pia. Kuna mmoja anatabasamu usingizini tabasamu ambalo sijawahi kulitumia. Huyo nilitaka Mama amfunike upesi.

"Wote wamebeba kilekile," anasema.

Anamgusa mmoja unyayoni. Yule mtu anaketi, anatoa miwani chini ya mto, anaivaa, anatupita bila kunitazama. Najua, bila kuambiwa, kwamba anakwenda kufundisha kipindi changu. Papo hapo miguu yangu inaanza kupoa, kuanzia vidole, kama vile ameniachia usingizi wake. Kitanda alichotoka kiko wazi. Shuka imekunjwa vizuri upande mmoja, tayari kwa mtu.

"Hawa wengine wamekufa?" nauliza, ili nisikitazame kitanda kile.

"Nani kakwambia?"

"Hawaamki, Mama. Na usingizi ni ndugu wa mauti."

Ukiwa profesa ukajikuta unamtolea methali profesa aliyekufundisha, ujue umeishiwa.

"Ndugu," anasema Mama. "Hawakusema pacha."

Tunafika kitanda cha mwisho. Anafunua. Hapana mtu, kuna ndoo ya Zawadi imewekwa juu ya mto, na mtama ndani yake umesimama wima, majani wazi. Mama anachovya kidole kwenye udongo. Kinazama chote. Kiganja kinazama, kisha mkono mpaka kwenye kiwiko, ndani ya ndoo ambayo kina chake nakijua. Na kadiri mkono unavyozama, watu wote vitandani wanavuta pumzi kwa pamoja. Navisikia vifua vyangu vyote.

Wanaibana pumzi ile. Hawaiachii.

Mama anautoa mkono na kunionyesha kidole. Hakina hata chembe ya unyevu.

"Mkavu," anasema. "Na bado yu hai. Sasa wewe asubuhi unamchoma nani?"

Nataka kujibu. Nina jibu, nimelitoa kwenye mikutano mingi, na watu wamepiga makofi. Ulimi haunyanyuki. Baridi imefika magotini, shuka ya kitanda kitupu inagusa mgongo wangu, na sikumbuki nimelala saa ngapi. Mama ananifunika taratibu, kama anayefunika mboga, na shuka inapofika kidevuni wale wote wanaachia pumzi.

Nikaamka.

Miguu ilikuwa baridi kwa sababu blanketi lilikuwa sakafuni. Hilo nililifanyia utafiti mara moja, likanituliza kidogo. Nje kulikuwa kunapambazuka. Kichwani nilikuwa na ujumbe mmoja tu. Nilitafuta simu, nikatafuta miwani, nikakuta nimeivaa. Sijawahi kulala na miwani.

Zawadi alipokea kabla simu haijaita sawasawa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Zawadi, zile ndoo zisiguswe."

"Nimeshazigusa, Mwalimu."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

"Umeng'oa?"

"Nimezihamisha. Jana, ulipogeuza tu mgongo. Ziko nyuma ya bweni letu, nimezifunika. Mtama ni mzima. Utanisamehe, Mwalimu. Mimi ni mkaidi, hata mama yangu mzazi anajua."

"Nilikukataza waziwazi. Ulipata wapi ujasiri huo?"

Kwenye simu nikasikia jogoo wa kwao akiwika.

"Ukicheka sitasema."

"Sicheki."

"Mama Mbwilo alinijia juzi usiku."

Nywele za mikono zikanisimama. Najua jeni zinazohusika na jambo hilo, lakini asubuhi ile hazikunisaidia.

"Alikupa chai," nikasema.

"Alinipa."

"Kwenye bika."

"Kwenye bika. Mwalimu, umejuaje?"

"Zawadi, niambie ukweli. Uliinywa?"

"Niliinywa. Ilikuwa ya moto, ina tangawizi." Akashusha sauti, kama mtu anayejua kwamba kuna wa tatu anayesikiliza. "Alisema na wewe atakupa, ila wewe utakataa. Ndiyo maana akaniambia nisikungoje."