Ushuhuda wa Mama Juu ya Moyo Wake

Hospitali walisema mama asile asubuhi ya kipimo tu. Yeye akaanza kufunga tangu Jumapili, na kikundi chake chote cha maombi kikafunga naye. Safari nzima hadi Kigali hakugusa hata chai. Nilibembeleza, nikakasirika, mwishowe nikamwacha. Ukimjua mama yangu, utanielewa.

Maisha yake yote alibeba nyanya kutoka kwetu Nyakarenzo hadi mpaka wa Kongo, akawauzia watu wa Bukavu. Sasa kila mwinuko ulimbana kifua. Daktari alihofia mishipa ya moyo imeziba, akataka atembee juu ya mashine, nyaya zikiwa kifuani, mkanda ukizidi kwenda mbio, kisha moyo upigwe picha ungali unadunda kwa nguvu. Mama alitembea kidogo tu, akaishiwa nguvu kwa njaa. Mimi na nesi tukamdaka.

“Moyo haujafanya kazi ya kutosha,” daktari alisema. “Siwezi kusema ni mzima wala ni mgonjwa. Ale vizuri, arudi mwezi ujao.” Mama alielewa kila neno.

Jumapili iliyofuata akaitwa mbele ya kanisa. Wale waliofunga naye walikaa benchi la kwanza, wakimtazama. Aliwatazama, kisha akasema, “Mashine ilitafuta ugonjwa, haikupata.” Vigelegele vikajaa, ngoma zikapigwa. Hasira ilinipanda hadi nikatoka nje.

Mwezi ulipofika nilimwambia, “Maman, twende Kigali.”

“Kufanya nini? Nilishatoa ushuhuda. Batu batasema nilidanganya Mungu.”

“Kwani hukudanganya?”

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. “Balilala njaa kwa ajili yangu, mutoto yangu. Ningebaambia nini?”

Nimemsihi tangu siku hiyo, hataki. Naogopa kila simu inayolia asubuhi.

Juzi tulikuwa tunapanda mlima na nyanya zake. Akasimama ghafla, akatua kikapu, akajifanya anafunga kitenge upya. Midomo ilikuwa imepauka. Juu ya njia nikaona mmoja wa wale wamama wa maombi anateremka. Nikafungua mdomo nimwite atusaidie.

Mama akanishika mkono, mkono wake baridi, umelowa jasho.

“Simama hapa mbele yangu,” alinong’ona. “Asinione.”

Nikasimama.