Fundi Rula na Mgongo wa Binti Yake

Wateja wa mama huyu mshona nguo walimwita Fundi Rula, na mwenyewe hakuchukia. Alikuwa na jicho lisilosamehe: angeweza kuwa anakunywa chai yake ng'ambo ya barabara akakwambia pindo la suruali yako limekwenda upande. Ajabu ni kwamba mgongo wa binti yake wa pekee ulipinda mbele ya jicho hilohilo, nalo lisione. Sare za shule zilipoanza kumkaa vibaya, bega moja juu, jingine chini, alidhani amekosea kukata. Akatia pamba kwenye bega lililoshuka, akapunguza pindo upande mmoja, kisha akajipongeza. Mwaka mzima aliurekebisha mgongo wa mtoto kwa sindano.

Mwalimu wa michezo ndiye aliyemwambia ampeleke hospitali. Alipoonyeshwa picha ya eksirei, Fundi Rula alilia mbele za watu bila kujali. Daktari hakumficha: mtoto bado anarefuka, na mpindo wa mgongo ukizidi, itabidi apasuliwe.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole mwenye viatu vilivyopauka, alimfundisha binti jinsi ya kujivuta juu, kurudisha mbavu mahali pake na kupumua. Kisha akampa kifaa kidogo kama kiberiti cha kubandika mgongoni. Akilegea tu, kinatetema.

"Kikitetema, ajirekebishe mwenyewe," alisema.

Neno hilo la mwisho liliingia sikio moja la Fundi Rula likatokea la pili.

Kila akitoka shule, binti alikaa dukani kwa mama, kwenye meza ya kukatia nguo, akifanya kazi zake za shule. Kifaa kikitetema tu, cherehani inasimama. "Nyooka!" Hata mashine ikiunguruma namna gani, sikio la mama lilinasa. Siku moja alikuwa ameinamia gauni, akasikia mtetemo nyuma yake.

"Nyooka wewe! Unataka kukatwa kisu?"

Aliyekuwa nyuma yake ni mteja, baba wa makamo aliyefuata suruali zake, simu ikimtetemea mfukoni. Maskini, akanyooka wima kama askari.

"Samahani, fundi," akasema. "Nimekosa nini?"

Binti alicheka mpaka akalalia vitambaa, kifaa kikilalamika mgongoni.

"Na wewe nyooka!" mama akafoka.

Walipokwenda kliniki, mtaalamu alitazama kumbukumbu za kifaa, akakuna kichwa. Shuleni binti alijirekebisha upesi. Dukani alichelewa.

"Mama, mwili wake unasubiri kelele zako," akasema. "Picha nyingine tutapiga baada ya miezi mitatu. Naomba ufunge mdomo."

"Nifunge mdomo? Mimi?"

"Wewe, mama."

Binti akatazama dari ili asicheke.

Basi mazoezi yakawa ya watu wawili, na ya mama ndiyo yaliyokuwa magumu. Mwanamke huyu alizoea kuongea hata na kitambaa. Akabuni dawa yake: kifaa kikitetema, anajitia pini za kushonea mdomoni, kama mafundi wanavyozibana, ili asiweze kufoka. Wateja wakadhani amenuna. Binti naye hakuwa malaika. Siku nyingine alijilegeza makusudi, akamtazama kwa jicho la pembeni. "Mama, niongeze pini?"

Lakini polepole mitetemo ikapungua. Alasiri moja Fundi Rula alishtukia kwamba hajasikia kitu tangu binti alipoingia. Mtoto alikuwa amekaa wima, akiandika, amezama kabisa. Mama alipogeuka kuchukua chaki, akakiona kifaa dirishani, kinachajiwa. Moyo ukamruka kwa furaha. Alitamani kumwita jirani, mteja, yeyote apitaye. Akameza mate, akaendelea kushona.

Ikafika siku ya picha. Usiku wa kuamkia siku hiyo Fundi Rula hakulala, ingawa asubuhi alidai amelala fofofo. Mtaalamu aliziweka picha mbili pamoja kwenye mwanga, ya zamani na mpya, akapima, akapima tena, akatabasamu.

"Mpindo haujazidi hata kidogo."

Fundi Rula akasogea, akalikaza lile jicho lake. Akaukunja uso.

"Lakini mbona mgongo bado umepinda?"

Binti ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini.

"Umepinda, mama. Lakini haujasogea. Unajua kuushikilia ni kazi gani? Darasani, njiani, nikila, nikicheka na wenzangu. Kila saa. Unajua?"

Fundi Rula alimgeukia. Aibu ilimpanda, na fahari nayo ikampanda hapohapo, akashindwa kujua ashike ipi.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nieleze."

Binti akaanza kumweleza palepale, akaendelea mpaka nyumbani, na mama hakumkatiza.