Mtu wa Kumsemea Mjomba

Tangazo lilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la tuliohitimu pamoja, katikati ya ajira ambazo hazipo na mikopo ya dakika tano. Lilisema kuna msaada wa fedha wa dharura kwa wasanii walioathiriwa na mvua na upepo. Nililisoma mara tisa. Sikuona popote wanapodai ada ya fomu, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Tapeli wa kawaida huomba kitu kidogo kwanza. Huyu asiyeomba chochote anataka nini?

Msaada wenyewe niliuhitaji kwa ajili ya mjomba, kaka yake mama. Mjomba ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma za Kisukuma, upande wa Bagika, ambao hushindana na upande wa Bagalu. Msimu wa mvua uliopita upepo uling'oa bati la chumba cha kuhifadhia ngoma, kisha ikanyesha siku tatu mfululizo. Ngozi zikaoza, njuga zikashika kutu, ngoma kubwa ikapasuka kuanzia mdomoni hadi tumboni. Mashindano huanza watu wakishavuna, na manju asiye na ngoma hubaki kuwa mzee tu mwenye sauti. Mjomba akatangaza kwamba kama hakuna njia nyingine, ataingia duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, apate hela ya ngozi na miti. Ana miaka sitini na minne na kifua kibovu.

"Ndugu yangu akifukiwa na kifusi," mama aliniambia, "hiyo digrii yako utanieleza ilikuwa ya kazi gani."

Nikatoka Shinyanga mjini kwenda kijijini kupiga picha za uharibifu. Mjomba aliniruhusu kupiga kila kitu isipokuwa ndani ya ngoma kubwa. Aliufunika ule mpasuko kwa shuka. Ndani ya ngoma ya manju kuna mambo ambayo hayaonyeshwi mtu.

"Mjomba, watadhani tumeificha nzima chini ya shuka."

"Na wewe unajuaje hizo picha zinakwenda wapi? Wakiziona watu wa upande wa pili?"

Hata mimi nilikuwa sijui zinakwenda wapi.

Sehemu ya mwisho ya fomu ilitaka jina na simu ya msanii mwingine anayeifahamu kazi ya mwombaji, asiwe ndugu wala mwanakikundi. Kwetu hilo si jambo dogo. Wachezaji wote wa Bagika wa eneo lile wamepitia kikundi cha mjomba. Aliyebaki ni manju wa Bagalu, mpinzani wake, ambaye kila mwaka husimama naye uwanja mmoja, ngoma zikapigwa kwa pamoja, na watazamaji wakahamia upande unaowavuta. Atakayebaki na watu wengi ndiye mshindi. Wawili hao wametukanana kwa nyimbo tangu kabla sijazaliwa.

Niliandika jina lake. Sikumwambia mjomba, na kibaya zaidi sikumwambia huyo manju mwenyewe. Niliwaza wiki nzima namna ya kumwendea, nikawaza atakavyokataa, nikawaza na nitakavyomjibu akikataa, mwisho nikatuma fomu bila kwenda.

Siku chache baadaye mwanamke mmoja alinipigia, akasema anatoka kwenye mfuko ule wa msaada. Nilisubiri aombe namba ya siri. Hakuomba.

"Mthibitishaji uliyemtaja hakuunga mkono maombi," alisema. "Nilimuuliza kuhusu ngoma za mjomba wako. Akasema, 'Ngoma gani? Zile sufuria? Mvua imemsaidia kuzitupa.' Kisha akakata simu. Tunafunga kupokea maombi Ijumaa. Una mtu mwingine?"

Sikuwa naye. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi asubuhi nilipanda bodaboda hadi machimbo ya Mwakitolyo. Nje ya msimu wa ngoma yule manju husimamia karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilimkuta mweupe kwa vumbi hadi kope.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinikagua. "Wewe si mpwa wake? Umefanana naye masikio. Vipi, mvua yote hii imenyesha, yule chura wenu anayejiita manju hajafurahi?"

Waliokuwa wakishusha viroba vya mawe walicheka. Nilitoa karatasi zangu, nikaanza kueleza mfuko, fomu, uthibitisho. Akainua mkono.

"Kumbe yule mwanamke mlimtuma nyinyi."

"Hapana, baba. Ni wa ofisi kweli."

"Ofisi! Ananipigia mtu nisiyemjua, mashindano yako mlangoni, ananiuliza kama fulani ni manju mzuri. Mimi mtoto? Ningesema ndiyo, mngenirekodi. Sauti yangu ingepigwa kwenye spika katikati ya uwanja, namsifu yeye, na watu wangu wote wanasikia. Mjomba wako alishanifanyia hivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kumbe kuwatuma watu wamchokonoe mpinzani atamke neno la sifa, kisha kulitia kwenye wimbo, ni mchezo wa zamani. Mimi nilikuwa nimeushuku mfuko, nikaishuku namba ya simu, nikamshuku mama wa watu mwenye sauti ya upole. Sikuwahi kufikiri kwamba wa kushukiwa nilikuwa mimi.

Nikamwambia kwamba mjomba anataka kuingia duarani. Akashusha mkono.

"Na kile kifua?"

"Ndiyo, baba."

Alizima mashine.

"Zima simu yako. Iweke pale juu ya kiroba, niione. Na nyinyi kaeni mbali, hakuna mtu wa kurekodi hapa." Akatoa simu yake, nikamsomea namba kwenye karatasi zangu, akaipiga mwenyewe.

"Mama, ni mimi uliyenipigia juzi. Nilikudanganya... Ndiyo, namfahamu, miaka thelathini na zaidi. Sikiliza. Mwaka juzi uwanja mzima ulikuwa wangu. Akaipiga ile ngoma yake kubwa, mara moja tu, watu wakaanza kunipa migongo. Hadi mke wangu." Akasikiliza kidogo. "Mke wangu, ndiyo. Eti alikwenda kununua maji."

Alipokata alinitazama kwa ukali kana kwamba nimemwibia.

"Kwa nini umekubali, baba?" niliuliza, maana wema wa ghafla hunitisha.

"Nataka nimshinde akiwa na ngoma. Akikosa, hadi anaingia kaburini atasema alishindwa na mvua. Na akijua nimesema haya, wewe nitakutungia wimbo wako peke yako."

Njia nzima nilihesabu mabaya. Huenda anataka mjomba atengeneze ngoma mpya ili aijue siri yake. Huenda aliongea na simu isiyo na mtu. Lakini nilikuwa nimeisikia sauti ya yule mama ikicheka upande wa pili.

Ujumbe wa fedha uliingia wiki mbili baadaye. Mjomba hakuuamini. Alinituma kwa wakala nitoe kidogo kwanza, akazishika noti, akazinusa, ndipo akaniruhusu nikatoe zilizobaki. Habari ya duara haikutajwa tena. Akanunua mti, akanunua ngozi za ng'ombe, akaanza kuchonga chini ya bati jipya.

Siku ya kuwamba ngoma kubwa nilimshikia ngozi upande mmoja, yeye akivuta mwingine.

"Nani alinisemea kwa hao watu?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekatazwa kusema."

Akavuta. Akapigilia kigingi. "Anasaga mawe?"

Nilitazama ngozi.

"Usiniambie," alisema haraka. "Ukiniambia itanibidi nimshukuru, na nimeshatunga nyimbo saba za kumtukana. Vuta huko, inalegea."